Solo za hevi metali: kinachokumbukwa na kilichopotea kweli

Tarehe 5 Julai 2025, katika uwanja wa Villa Park mjini Birmingham, Black Sabbath, bendi ya hevi metali, yaani ule muziki mzito wa roki wenye magitaa ya kelele, walipiga shoo yao ya mwisho. Mwimbaji Ozzy Osbourne, aliyekuwa anaugua ugonjwa wa Parkinson na hawezi tena kuzunguka jukwaani, aliimba akiwa amekaa kwenye kiti cha enzi. Tony Iommi, miaka 77, alishika gitaa. Geezer Butler alikuwa kwenye besi. Bill Ward alirudi kwenye ngoma, na ilikuwa mara ya kwanza kwa wote wanne kupiga pamoja baada ya miaka 20. Walipiga nyimbo nne tu. Siku 17 baadaye Ozzy alifariki dunia akiwa na miaka 76.

Tangu hapo lile lalamiko la siku zote la mashabiki wa hevi metali limepata nguvu mpya: muziki umekwisha, shoo za siku hizi hazina roho, solo za gitaa kama zile za miaka ya 70 na 80 hatutazisikia tena. Anayelalamika anaweza kuwa mzee wa miaka 65 aliyekuwepo, au kijana wa miaka 20 ambaye wakati huo hata wazazi wake walikuwa bado shuleni. Wote wawili wanasema kwa uhakika uleule. Hapo ndipo inapofaa kuuliza wanalilia kitu gani hasa, maana ndani ya kilio hicho mna mambo matatu yaliyochanganyika: namna sauti ile ilivyotengenezwa, rekodi zilizotufikishia sauti hiyo, na jukwaa lenyewe lilivyobadilika. La kwanza limepotea kwa kiasi kikubwa. La pili halikuwahi kuwa kama watu wanavyolifikiria. La tatu ndilo lenye ubishi.

Tuanze na solo yenyewe. Kwa aliyekulia muziki wa dansi, solo si jambo geni. Kila bendi ya Dar es Salaam, Nairobi au Kinshasa ilikuwa na mpiga solo, mpiga ridhimu na mpiga besi, na Mbaraka Mwinshehe alisifika kwa gitaa la solo kama alivyosifika kwa sauti. Lakini solo ya dansi ina kazi ya kuchezesha watu. Inajirudia, inazunguka, inasukana na ridhimu, na wimbo ukifika kwenye chemko ndipo inaposhika usukani. Solo ya hevi metali haimchezeshi mtu. Mwimbaji anasogea pembeni, taa zote zinamwelekea mtu mmoja, na kwa nusu dakika au dakika kumi mtu huyo anaongea peke yake kwa gitaa huku umati umesimama unamtazama vidole.

Malighafi yake haikuwa kubwa. Wapigaji wa kwanza walichota kwenye bluzi za Wamarekani weusi, na msingi wa bluzi ni ngazi ya noti tano. Mwanakwaya anayesoma solfa ataiimba la, do, re, mi, so, basi. Ujuzi ulikuwa katika kuzitesa noti hizo: kuusukuma uzi pembeni kwa kidole hadi noti ipande yenyewe, kuutikisa ukiwa huko juu, kuuachia urudi taratibu. Baadaye Ritchie Blackmore, mpiga gitaa wa bendi ya Deep Purple ya Uingereza, aliongeza kitu kutoka Ulaya. Solo yake kwenye Highway Star, ya mwaka 1972, aliiandaa noti kwa noti kabla ya kuingia studio, na mwenyewe amesema mfuatano wa kodi zake (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) ameuchukua kwa Bach, mtunzi wa zamani wa Kijerumani. Ndoa hiyo ya bluzi na muziki wa kanisani na kasri za Ulaya ndiyo iliyozaa karibu kila mpiga gitaa wa metali aliyefuata, hadi Randy Rhoads, ambaye hata akiwa kwenye ziara na Ozzy alikuwa akiendelea kutafuta walimu wa gitaa la klasiki katika miji waliyofikia.

Sasa sauti. Gitaa la umeme likipigwa bila kuchomekwa popote halisikiki hata chumba cha pili. Chini ya nyuzi zake kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba. Uzi ukitikisika, unazalisha umeme kidogo sana, na umeme huo unapelekwa kwenye amplifaya. Jim Marshall alikuwa na duka la ala za muziki huko Hanwell, magharibi mwa London, na mwaka 1962 yeye na mafundi wake walianza kutengeneza amplifaya zao. Miaka michache baadaye wateja wake wakadai nguvu zaidi, akawatolea za wati 100. Hizo zilitumia valvu, yaani vile vichupa vya kioo vinavyowaka kama taa, na valvu ina tabia moja: ukiilazimisha itoe nguvu kupita uwezo wake, haizimiki, bali inakata vilele vya mawimbi ya sauti. Mahali vilipokatwa huzaliwa sauti nyingine za juu ambazo gitaa halikuzipiga. Sauti inakuwa nene, yenye mikwaruzo. Tena tofauti kati ya pigo dogo na pigo kubwa inapungua, hivyo noti ambayo ingekufa baada ya sekunde moja inaendelea kuishi.

Kisha inakuja fidibeki. Kila aliyewahi kuhudhuria harusi ya ukumbini anajua maiki inavyopiga yowe mshereheshaji akiipitisha mbele ya spika. Kwa fundi mitambo ile ni aibu. Kwa mpiga gitaa wa metali ile ni ala nyingine. Akisimama mahali fulani mbele ya spika zake, sauti inayotoka inaupiga uzi na kuufanya uendelee kutikisika, uzi unaipelekea amplifaya umeme zaidi, na noti haifi kabisa hadi mwenyewe aamue. Ukitazama picha za zamani utaona wapigaji wanageuka, wanasogea hatua mbili, wanaliinamisha gitaa kuelekea spika. Wengi hudhani ni mbwembwe. Kuna mbwembwe, ndiyo, lakini mara nyingi mtu yule anatafuta mahali noti inapoishi, na mahali hapo hubadilika kila ukumbi.

Hili halifanyiki kwa sauti ndogo. Linahitaji spika zenye kelele ya kukutikisa kifua, hewa ya ukumbi, na mtu aliyesimama kati yake. Ni kweli baadhi ya ile minara ya spika nyuma ya bendi ilikuwa maboksi matupu ya kupendezesha jukwaa, na mashabiki walipokuja kujua walijisikia kama wamechezewa shere. Lakini yale machache yaliyokuwa yanafanya kazi yalitosha.

Kisa cha Iommi kinaonyesha jinsi sauti ile ilivyotokana na mwili wa mtu. Alikuwa na miaka 17, anafanya kazi kwenye kiwanda cha vyuma mjini Birmingham, na siku ile ilikuwa ya mwisho kazini kwake. Alishapata bendi ya kuzunguka nayo. Mchana alitaka asirudi, mama yake akamwambia kazi umalize. Mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na kwa kuwa Iommi anapiga kwa kushoto, mkono huo wa kulia ndio unaobana nyuzi. Madaktari walimwambia asahau gitaa. Msimamizi wake wa kiwandani akampelekea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi aliyekuwa anapiga kwa vidole viwili vizima baada ya kuungua. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya maji, akatengeneza vikofia vya vidole, akavifunika kwa ngozi. Nyuzi za kawaida zilimuumiza, akajaribu nyuzi nyembamba za banjo. Kufikia albamu ya Master of Reality, mwaka 1971, alikuwa analegeza nyuzi kwa nusu toni tatu ili zibanike kwa urahisi. Uzi uliolegea unatoa sauti nzito na ya chini zaidi. Ule uzito ambao mamilioni ya vijana wameuiga kwa makusudi ulichangiwa sana na vidole vya mtu mmoja vilivyokuwa vinauma.

Twende kwenye rekodi, ambako mkanganyiko ni mkubwa zaidi.

Mtu anaposema anakumbuka shoo za zamani, mara nyingi anakumbuka albamu zilizorekodiwa jukwaani. Hesabu yake ni nyepesi. Ukumbi wa Budokan wa Tokyo unaingiza watu kama elfu 14. Albamu ya Made in Japan ya Deep Purple, iliyorekodiwa Osaka na Tokyo mwezi Agosti 1972, imesikilizwa na mamilioni. Kumbukumbu ya shoo ile inabebwa na watu ambao karibu wote hawakuwepo. Na ile ni albamu ya haki: inasifika kwa kutofanyiwa marekebisho ya studio. Ukitaka kujua kwa nini watu wanazililia siku zile, chukua wimbo mmoja tu humo, Space Truckin'. Kwenye albamu ya studio una dakika nne na nusu. Kule Japan ulikaribia dakika 20. Maneno yale yale, beti zile zile. Zilizobaki zote ni kinanda cha Jon Lord na gitaa la Blackmore vikitafutana gizani, vikipotea, vikikutana tena.

Lakini nyingine? Motörhead walitoa No Sleep 'til Hammersmith mwaka 1981, ikaingia moja kwa moja nafasi ya kwanza Uingereza. Jina linautaja ukumbi maarufu wa London. Humo ndani hamna hata wimbo mmoja uliorekodiwa Hammersmith. Sehemu kubwa ilirekodiwa Leeds na Newcastle. Judas Priest walitoa Unleashed in the East mwaka 1979 baada ya shoo za Tokyo, na mwimbaji wao Rob Halford alikuja kukiri kwamba sauti yake iliimbwa upya studio. Watani wakaipa albamu hiyo jina la "Unleashed in the Studio". Live and Dangerous ya Thin Lizzy, ya 1978, ina ubishi usioisha: prodyuza Tony Visconti alisema karibu asilimia 75 ilirudiwa studio, wenye bendi wakakataa katakata. KISS nao, kwenye Alive! ya mwaka 1975, walirekebisha mengi baada ya shoo.

Sisemi haya ili kumkomoa mtu. Kurekebisha rekodi si dhambi, na Unleashed in the East bado ni albamu tamu kuliko nyingi zilizo safi. Ila shabiki anayesema "zamani walipiga bila kukosea, leo wanatumia kompyuta" anapaswa kujua kwamba makosa ya zamani yalifutwa kabla hayajamfikia. Kijana anayelinganisha shoo ya jana iliyorekodiwa kwa simu na Live After Death ya Iron Maiden analinganisha vitu viwili visivyolingana. Ile ya Maiden ilichujwa kutoka usiku kadhaa wa Long Beach Arena, California, Machi 1985, pamoja na kipande cha London, chini ya mikono ya Martin Birch, fundi yule yule aliyerekodi Made in Japan. Nyuma yake kulikuwa na ziara iliyoanza Warsaw Agosti 1984, enzi Poland ikiwa bado chini ya wakomunisti, na kuendelea karibu mwaka mzima, maonyesho zaidi ya 180. Wapiga gitaa wao Dave Murray na Adrian Smith walikuwa wamezipiga solo zile mara nyingi kiasi kwamba kufikia Long Beach zilikuwa zimeshaota mizizi vidoleni. Unaposikia mwimbaji Bruce Dickinson anawaamrisha watu wa Long Beach wampigie makelele, unasikia bendi iliyochoka kupindukia na iliyokolea kupindukia kwa wakati mmoja.

Kuna jambo jingine ambalo kumbukumbu hulifuta kwa hisani: zile solo nyingi zilikuwa zinachosha. Katika shoo ya miaka ile kila mwanabendi alipewa zamu yake. Gitaa peke yake, kisha besi peke yake, kisha ngoma peke yake dakika kumi. Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa: mwimbaji anayepiga kelele saa mbili, usiku baada ya usiku, anahitaji kupumzisha koo na kunywa maji. Umati nao ulijua. Ngoma zikianza, foleni ya bia na ya choo ilirefuka. Albamu haikuonyeshi foleni hiyo.

Hata solo iliyobadilisha kila kitu haikupangwa. Eddie Van Halen alizaliwa Amsterdam mwaka 1955, familia ikahamia California mwaka 1962, na gitaa lake maarufu alilijenga mwenyewe kwa kuunganisha mbao na vyuma vya magitaa mbalimbali. Siku moja studio alikuwa anapasha vidole moto kwa ajili ya shoo ya klabuni, prodyuza Ted Templeman akasikia, akaamuru irekodiwe. Ndiyo Eruption, ya mwaka 1978, dakika moja na sekunde 42. Ndani yake mkono wa kulia unaacha kazi yake ya kupiga nyuzi na kwenda kugonga shingo ya gitaa, ukisaidiana na wa kushoto, hivyo noti zinamwagika kwa kasi na kwa mapana ambayo mkono mmoja haufiki. Hakuwa wa kwanza kugonga hivyo, lakini baada yake hakuna mpiga gitaa aliyeweza kujifanya hajasikia. Mwenyewe alisema hadi uzee kwamba kuna mahali alikosea na kwamba angeweza kuipiga vizuri zaidi.

Na kama msomaji anadhani hajawahi kumsikia, amemsikia. Solo ya Beat It ya Michael Jackson ni yake. Aliipiga bila malipo. Ni kama nusu dakika tu, na huenda imepigwa kwenye madisko na redio za Afrika Mashariki kuliko albamu zote za hevi metali zikijumlishwa. Kwa wengi wetu hiyo ndiyo solo ya kwanza ya aina hii kuisikia, bila hata kujua ina ukoo.

Ukoo huo una tawi linalofika Unguja. Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, na ingawa Queen haikuwa bendi ya metali, wana metali wengi wanaihesabu kama ya nyumbani. Wimbo wao Stone Cold Crazy wa mwaka 1974 una kasi ambayo miaka kumi baadaye ingeitwa thrashi, yaani metali ya mbio, na Metallica, bendi ya Marekani, walipouimba upya walipata tuzo ya Grammy. Mpiga gitaa wao Brian May alikuwa akichukua solo yake ya Brighton Rock na kuirefusha jukwaani, akitumia mashine ya mwangwi: anapiga sentensi, mashine inairudisha, anapiga nyingine juu yake, mpaka mtu mmoja anasikika kama watatu. Kwenye tamasha la kumkumbuka Freddie uwanjani Wembley, Aprili 20, 1992, James Hetfield wa Metallica aliimba Stone Cold Crazy, na Tony Iommi alikuwa pale pale kwenye gitaa pamoja na May.

Halafu nini kilitokea? Lawama huangukia mwaka 1991, na kalenda inasaidia kuzikoleza. Tarehe 24 Septemba Nirvana, bendi ya Marekani ya muziki ulioitwa gurunji, walitoa albamu ya Nevermind. Siku nne baadaye, kwenye uwanja wa ndege wa Tushino huko Moscow, Metallica, Pantera na AC/DC walipiga mbele ya umati ambao makadirio yake yanaanzia laki moja na nusu na kupita milioni. Wiki moja, kilele cha kimoja na mwanzo wa kingine. Kurt Cobain, mwimbaji na mpiga gitaa wa Nirvana, alipofika mahali pa solo kwenye wimbo uliompa umaarufu, Smells Like Teen Spirit, alipiga tu melodi ile ile aliyokuwa anaiimba kwa maneno. Hakuwa hawezi. Alikuwa anasema kwamba kujionyesha kumepitwa.

Lakini si kweli kwamba gurunji liliua solo; Alice in Chains na Soundgarden walizipiga, tena nzuri. Kilichobadilika ni heshima. Mwishoni mwa miaka ya 80 solo zilikuwa zimegeuka mashindano ya kasi, kila bendi na mpiga gitaa wake mwenye nywele zilizopulizwa, na watu walishiba. Kizazi cha bendi kama Korn kikaja na magitaa ya nyuzi saba na kuzitupa solo kabisa. Mwaka 2003 hata Metallica wakatoa St. Anger, albamu nzima bila solo hata moja. Kirk Hammett, ambaye ndiye mpiga solo wao, alipinga. Hoja yake ilikuwa kwamba kukosa solo ndiko kutakakoifanya albamu ionekane ya zama fulani. Wakati umemuunga mkono. Albamu iliyofuata, ya 2008, solo zilirudi tele.

Kwa hiyo solo kwenye rekodi hazijafa, zilipunguzwa, zikarudi. Tatizo la kweli liko jukwaani, na hapa nawapa walalamikaji haki yao.

Shoo kubwa ya leo inaendeshwa na saa. Mpiga ngoma ana kisikilizio sikioni kinachomgongea mdundo kutoka kwenye kompyuta, na kompyuta hiyo hiyo inaendesha picha za skrini kubwa, taa, moto unaolipuka, mara nyingine na sauti za kinanda au za waitikiaji ambao hawapo. Mambo yote hayo yanakwenda pamoja, na yanapendeza. Ila bendi iliyofungwa kwenye saa haiwezi kuamua kwamba leo wimbo wa dakika nne uende 20. Mpiga gitaa akinogewa, moto utalipuka bila yeye. Wapenzi wa Bongo Fleva wanaojua uchungu wa kulipa kiingilio na kukuta msanii anaimba juu ya pleibeki hawahitaji maelezo marefu. Hapa wanabendi wanapiga kweli, lakini ndani ya uzio.

Pili, zile spika zenyewe zimeondoka. Bendi nyingi zimehamia kwenye visanduku vya kidijiti vinavyoiga sauti ya amplifaya ya valvu na kuipeleka moja kwa moja kwa fundi mitambo. Jukwaa limekuwa kimya. Mwanamuziki anajisikia kwenye visikilizio. Faida ni kubwa. Mzigo wa kusafirisha kwa ndege unapungua, sauti inakuwa ile ile kila mji, na masikio yanapona. Masikio si jambo dogo: Brian Johnson wa AC/DC alilazimika kuacha ziara mwaka 2016 alipoambiwa angeweza kupoteza usikivu kabisa. Lakini hakuna tena mahali pa kusimama ambapo noti inaishi yenyewe. Kisanduku kinaiga rangi ya sauti vizuri mno. Uhusiano kati ya mwili, hewa na spika ni kitu kingine.

Na kuna fedha. Bendi ya kati leo inakula kwa matamasha ya kiangazi ya Ulaya, kama Wacken huko Ujerumani au Download pale Donington, ambako bendi zinapangwa kwa makumi na kila moja inapewa dakika 40 au 50. Huwezi kuchoma dakika kumi kwa solo wakati umepewa 40 na watu wamekuja kusikia nyimbo nane wanazozijua.

Kwa mpangilio huo, anayesema wapiga gitaa wa leo hawajui kitu anakosea vibaya. Fungua simu utakuta mtoto wa miaka 14 anapiga Eruption chumbani bila kosa, lile kosa la Eddie likiwa limerekebishwa. Ujuzi wa vidole haujawahi kuwa mwingi hivi. Kilichopungua ni hatari. Yule mtoto amerudia mara nyingi hadi ipatikane iliyo safi, akatuonyesha hiyo. Blackmore pale Osaka alikuwa anaingia kwenye Space Truckin' bila kujua atatokea wapi, mbele ya maelfu, na tepu inazunguka. Unasikia akisita, akirudia kitu kisichofika popote, kisha ghafla akipata mlango. Huwezi kuipata furaha ya kupata mlango bila kuvumilia dakika za kupapasa, na soko la leo halina muda wa kupapasa.

Umri nao una sehemu yake. Watafiti wa kumbukumbu wamekuta mara kwa mara kwamba muziki unaotukaa zaidi ni ule wa ujana, tangu balehe hadi miaka ya ishirini na kitu. Mzee wa 65 anayemlilia Randy Rhoads, aliyekufa kwa ajali ya ndege Florida mwaka 1982 akiwa na miaka 25 tu, anajililia na yeye kidogo. Hilo haliwaelezi vijana, hata hivyo. Mwaka 2022 tamthilia ya Stranger Things ilimwonyesha kijana akipiga Master of Puppets ya Metallica juu ya paa, na wimbo huo wa mwaka 1986 ukaingia kwenye chati ya nyimbo 100 ya Billboard kwa mara ya kwanza, miaka 36 baada ya kutoka. Walioupandisha hawakuwa wanakumbuka chochote. Waliona mtu amesimama peke yake anapiga kitu kigumu kwa hatari ya maisha yake, wakataka zaidi.

Wala si lazima kila mtu azililie. Nairobi ilitupa Duma, wawili tu, ambao albamu yao ya mwaka 2020 ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ni metali kali kupita kiasi, lakini yowe na kelele za kompyuta zimekalia kiti cha solo. Hawakurithi huzuni ya Birmingham wala hawakuiomba.

Anayetaka kujipimia mwenyewe aanze na Made in Japan, kwa spika na si kwa simu, maana simu inameza besi yote na kukuachia mikwaruzo. Kwenye Strange Kind of Woman asikilize mwimbaji Ian Gillan na Blackmore wanavyofukuzana, gitaa likisema na koo likijibu. Kisha Tribute, albamu ya jukwaani ya Ozzy iliyotoka 1987, amsikie Rhoads. Kisha Live After Death, akijua imechujwa, na haitampunguzia kitu. Na kwenye Made in Japan, akifika kwenye The Mule, ambayo sehemu kubwa ni Ian Paice na ngoma zake peke yake, anaruhusiwa kuruka. Mimi huwa naruka.